Katika gemu kila kinachong'aa huokotwa, huku kwetu sivyo

Katika senta nyingi za Masisi na Walikale, Jumamosi baada ya saa sita mchana, kuna nyumba moja ya mbao ambako kelele haiishi. Juu ya bati kuna panno ya sola. Ndani kuna televisheni moja, benchi mbili, na watoto kumi au zaidi. Mmoja ameshika maneti, wengine wote wana mdomo tu: "Ingia mu mayi! Batakuona! Kimbia kwa mulima!" Mzazi anayepita anafikiri ni mpira. Anachungulia, na haoni mpira. Anaona mtu mmoja anatembea peke yake barabarani, mchana unageuka kuwa usiku, mvua inanyesha, na yule mtu anaendelea kutembea. Mzazi anauliza: huyu anashindana na nani? Watoto wanacheka.

Ni swali zuri, na watoto hawakupaswa kucheka. Leo tunajaribu kulijibu, kwa sababu wazazi wengi wanaona tu makuta yanavyoisha na masaa yanavyopita, lakini hawajui mtoto anafanya nini mule ndani. Na kuna jambo moja katika michezo hii ambalo kwa mtoto wa Paris au Nairobi si kitu, lakini kwa mtoto wa Nyabiondo au Pinga linaweza kuwa hatari kabisa. Tutafika hapo.

Tuanze na aina yenyewe. Gemu ya mpira iko na uwanja, mistari, dakika, na mshindi. Gemu za ulimwengu wazi hazina hivyo. Unawekwa mahali, unapewa mtu wako, na unaachwa. Kule kuna mji, huku kuna msitu, mbali kuna mlima wenye theluji, na hakuna anayekulazimisha kuanza na upi. Kuna kazi za kufanya, ambazo watoto huita misheni, lakini unaweza kuziacha na kutembea tu siku nzima. Ramani mara nyingi inaanza ikiwa nyeusi au imefunikwa na mawingu, na inafunguka kidogo kidogo kufuatana na miguu yako. Mahali ambapo hujafika hapaonekani. Ndiyo maana yule mtu kwenye televisheni anatembea peke yake: anafungua ramani.

Wazo hili ni la zamani kuliko watoto wanaolicheza. Mwaka 1986, kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa The Legend of Zelda. Aliyeibuni, Shigeru Miyamoto, ameeleza mara nyingi kwamba alitaka kurudisha ile hisia ya utoto wake, alipokuwa akizunguka milima na misitu karibu na kwao na kuingia kwenye mapango bila kujua mwisho wake. Mtoto wa Masisi anayechunga ng'ombe anaijua hisia hiyo bila kununua mashine. Baadaye, mwaka 2001, ikaja Grand Theft Auto III, na mwaka 2004 ikaja ile ambayo huku kwetu kila kijana anaijua, San Andreas, ya kijana anayeitwa CJ. Ilifika mpaka vijijini kwa sababu rahisi: mashine yake, PlayStation 2, iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na mashine za zamani za Ulaya na Asia zikaishia kwenye masoko yetu pamoja na diski za kopi. Tangu mwisho wa 2013 San Andreas iko pia kwenye simu, na ukishaiweka haitaki tena intaneti. Kwa mtu wa Walikale ambaye mtandao unamfikia kwa kupanda kilima, hilo si jambo dogo.

Hapa niweke mbali Free Fire, ambayo vijana wa Goma na Sake wanacheza sana. Ile inawaangusha watu 50 kwenye kisiwa kwa parashuti, eneo linapungua, na anayebaki wa mwisho anashinda baada ya dakika kumi hivi. Kuna kuokota na kujificha, ndiyo, lakini si safari. Ni mbio, na inakula megas.

Sasa, ukubwa. Watoto wanasema San Andreas ni "inchi mzima", na kwa macho ni kweli: ina miji mitatu, jangwa, mito, na mashamba. Ukiipima, haifiki kilomita za mraba 40. Wilaya ya Masisi ina kilomita za mraba 4,734. Walikale ina 23,475. Yaani CJ angeweza kuiweka nchi yake yote ndani ya Masisi zaidi ya mara mia moja, na ndani ya Walikale zaidi ya mara mia tano. Watengenezaji wa gemu wanafanya ujanja: barabara inazungushwa, mlima unawekwa mbele ili usione mbali, ukungu unafunika upeo wa macho, na saa inakimbia. Katika San Andreas sekunde moja ni dakika moja, siku nzima inaisha kwa dakika 24. Ungemuuliza mtu aliyetoka Sake kwenda Masisi-senta nyuma ya pikipiki wakati wa mvua kama sekunde yake ilikuwa dakika, angekuambia ni kinyume.

Ujanja mwingine uko kwenye mwili wa mchezaji, na hapa ndipo kubaki mzima kunapoanza. Gemu nyingi za namna hii zina vipimo viwili pembeni mwa televisheni. Kimoja ni uzima. Ukipigwa risasi, ukianguka, ukiungua, kinapungua, na kikifika mwisho umekufa. Kingine ni nguvu ya pumzi: ukikimbia, ukiogelea au ukipanda mlima kinashuka, ukisimama kinajaa tena. Mchezaji mjinga anakimbia mpaka pumzi inakwisha katikati ya mto. Mchezaji mzuri anahesabu kabla ya kuingia majini. CJ anaweza hata kuongeza pumzi yake kwa kuogelea chini ya maji mara nyingi. Asipokula muda mrefu anakonda, akila ovyo ananenepa na kukimbia kunamshinda, akizidisha kabisa anatapika hapohapo barabarani, na hiyo watoto wanaipenda kuliko misheni zote.

Minecraft, iliyotoka rasmi 2011, ni kali zaidi kwa anayeanza. Hakuna anayekuambia kitu. Mchana ni dakika kumi, kisha giza linaingia na vitu vibaya vinatoka. Kwa hiyo siku ya kwanza usitembee mbali. Kata mti, tengeneza kifaa, chimba shimo kwenye ubavu wa kilima au jenga kibanda, weka mwanga, kaa ndani mpaka asubuhi. Ukifa, vitu vyako vyote vinabaki chini pale ulipofia, na usipovifikia kwa dakika tano vinapotea. Ndiyo maana wazoefu hawabebi mali yao yote safarini. Wanaacha nyingi kwenye sanduku nyumbani. Mama anayetoka soko la Mubi na kugawa pesa yake, hii kwenye kitambaa, hii kwenye kiatu, hii amempa mwenzake wa nyuma, hana haja ya kufundishwa sheria hiyo na Minecraft.

Na Zelda ile ya 2017, Breath of the Wild, inafundisha hewa. Mvua ikinyesha mwamba unateleza, huwezi kupanda, basi unangoja chini ya jiwe. Kwenye baridi unahitaji nguo nzito au chakula chenye pilipili, la sivyo uzima unapungua wenyewe. Upanga unavunjika baada ya kupiga mara kadhaa. Mchezaji anajifunza kuangalia mawingu kabla ya kupanga njia. Ushauri mmoja wa wazoefu unafaa gemu zote za namna hii: panda kwanza mahali pa juu, tazama, chagua alama mbili tatu utakazoziona ukiwa bondeni, kisha shuka. Anayekimbilia bondeni bila kutazama atapotea au ataangukia kambi ya adui.

Hicho kipimo cha pumzi ndicho kinachonifanya nisimame kidogo. Kabla mgodi wa Bisie, kule Walikale, haujaanza kuchimbwa kwa mashine za kampuni mwaka 2019, kasiterite yake ilitoka mgongoni mwa watu. Kijana alibeba kilo 50 kwenye njia ya msitu, tope mpaka magoti, safari ya kutwa hadi siku mbili, mpaka Njingala. Kutoka huko mzigo uliendelea mpaka Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami kwa sababu hapakuwa na uwanja, zikaruka na madini kwenda Goma. Hakuna kipimo kilichomwonyesha yule kijana pembeni mwa jicho lake kwamba pumzi imebaki robo. Na kasiterite ni bati, na bati ndiyo inayotumika kugandisha vipande vidogo ndani ya mashine za umeme. Fungua maneti iliyoharibika, zile nukta za fedha zinazong'aa ndani, ndiyo hizo.

Koltani ya Rubaya nayo inaingia humo. Inatoa tantali, ambayo inatengeneza kipande kidogo cha kutunza na kuachia umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine nyingi za gemu. Wazee wa Masisi wanakumbuka mwaka 2000, bei ilipopanda ghafla, watu wakaacha mashamba na ng'ombe, walimu wakaacha shule, wakaenda kuchimba. Mwaka uliofuata bei ikaanguka. Kwa kuwa PlayStation 2 ilitoka mwaka huohuo wa 2000, huko ng'ambo baadhi ya watu wakaita vita vyetu vita vya PlayStation. Hapo walizidisha chumvi. Vita vilikuwa vimeanza 1996 na tena 1998, na simu zilikula tantali nyingi pia. Lakini leo milima ya Rubaya inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, na mtoto wa Rubaya akilipa ili ashike maneti robo saa, analipia pengine kitu ambacho baba yake alikigusa kabla yake.

Kuna gemu moja iliyojaribu kutuigiza sisi wenyewe, au watu wanaofanana na sisi. Inaitwa Far Cry 2, ilitengenezwa Montreal, Canada, na kampuni ya Ubisoft, ikatoka Oktoba 2008. Nchi yake haina jina, iko Afrika ya kati, kuna makundi mawili yanapigana, kuna almasi, kuna mfanyabiashara wa silaha anayetafutwa. Kwa ufundi wa kubaki mzima ni moja ya gemu nzuri zilizowahi kutengenezwa. Ramani ni karatasi unayoishika mkononi, ukiitazama huwezi kupiga risasi. Bunduki iliyookotwa ni ya kutu, inakwama wakati mbaya. Gari linaharibika na lazima ushuke ulitengeneze. Moto wa nyasi unafuata upepo na unaweza kukurudia wewe uliyeuwasha. Na mchezaji ana malaria tangu mwanzo: mara kwa mara macho yanapata ukungu, anameza kidonge, anaendelea. Vidonge vikiisha, lazima afanye kazi fulani ili apewe vingine.

Malaria ya gemu, niseme kwa haraka, si ya hospitali. Kidonge kimoja wakati macho yanaingia giza hakitibu kitu. Dawa ya mseto inayotolewa kwenye vituo vya afya humezwa siku tatu, na inamalizwa hata kama homa imeshuka siku ya pili.

Lakini upungufu mkubwa wa Far Cry 2 ni mwingine. Unatembea masaa, unapita vijiji, barabara, mito, na karibu kila mtu unayemkuta ana bunduki na anakufyatulia. Hakuna mama anayetoka shambani. Hakuna mtoto wa shule. Hakuna mtu wa kuuliza, "Njia iko namna gani leo?" Raia wamefichwa kwenye sehemu chache tu, kama vile nchi nzima ni askari. Oktoba ileile ya 2008, mapigano yalikuwa yamejaa Masisi na Rutshuru, na mwisho wa mwezi vita vikafika mlangoni mwa Goma. Barabara zetu wakati ule zilikuwa zimejaa watu: magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, watoto mgongoni. Gemu ilikuwa na vita, ikasahau wanaovikimbia.

Si kosa dogo, kwa sababu hapo ndipo ujuzi wa kweli wa kubaki mzima ulipo. Mtu wa Lukweti akitaka kwenda Nyabiondo hapandi mnara kutazama. Anauliza. Anauliza mwenye pikipiki aliyetoka huko asubuhi, anauliza mwanamke aliyeleta mihogo, analinganisha majibu, na wakimwambia "leo hapana", anarudi nyumbani bila aibu. Ramani yake inafunguka kwa masikio.

Na kama kijana anafikiri hiyo si hadithi ya shujaa, basi hajasikia Mwindo. Wanyanga wa Walikale wanayo hadithi hii tangu mababu. Mwaka 1956 mtafiti Daniel Biebuyck aliiandika kutoka kinywani mwa msimulizi She-Karisi Rureke, aliyekuwa akiisimulia, akiiimba na kuicheza, na baadaye ikatoka kama kitabu mwaka 1969, kazi aliyoifanya pamoja na Kahombo Mateene. Inasomwa katika vyuo vikuu vya dunia, na watoto wengi wa Walikale hawaijui. Mimi mwenyewe nilijua CJ kabla ya kumjua Mwindo, na sioni fahari kulisema.

Baba yake, chifu Shemwindo wa Tubondo, hakutaka mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, mkononi ana konga, ule mgwisho wa mkia wa nyati, ambao ndio silaha yake. Baba anajaribu kumuua kwa mikuki, kumzika, kumfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Anapona. Anasafiri ndani ya maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Kisha anarudi kumtafuta baba, na baba anakimbilia chini ya ardhi kwa kung'oa mmea na kuingia kwenye shina lake. Mwindo anamfuata huko. Maji, kijiji, chini ya ardhi, na baadaye mbinguni: ukitaka ulimwengu wazi, huo hapo.

Vitu viwili katika safari hiyo ya chini naviona vina akili kuliko gemu zote nilizotaja. Kwanza, kabla ya kushuka, Mwindo anamwachia shangazi ncha ya kamba. Kamba ikitikisika, yeye yu mzima. Ikitulia, shangazi ajue amekufa. Yaani kipimo cha uzima hakiko mbele ya macho ya anayesafiri, kiko mkononi mwa aliyebaki nyumbani. Pili, akifika kwenye milki ya Muisa, anayetawala huko chini, hakuingia kwa nguvu. Alikutana na Kahindo, binti wa Muisa, aliyekuwa mgonjwa wa vidonda, akamhudumia, na yule binti akamwonya: baba yangu atakukaribisha kiti, ukatae, atakukaribisha pombe ya ndizi, ukatae. Mwindo akakataa. Alibaki mzima kwa sababu ya vitu ambavyo hakuvichukua, na alijua asivichukue kwa sababu mwenyeji alimwambia.

Sasa tunafika kwenye ile hatari niliyoahidi.

Gemu za ulimwengu wazi, zote, zinafundisha mkono kitu kimoja mara elfu: okota. Kitu kikiwa chini kinang'aa, kinazunguka, kinatoa mlio, ni chako. Risasi, dawa, pesa, sanduku lililofungwa, bunduki ya adui aliyeanguka. Mchezaji anayepita bila kuokota ni mchezaji mbaya. Ukiokota kitu kibaya, kwa kawaida hakuna kinachotokea. Na ikitokea ukalipuka, CJ anaamka mbele ya hospitali, amepoteza silaha na dola 100. Muulize mtoto yeyote kwenye benchi atakuambia bila kufikiri: "Nakufaka, narudia."

Milima yetu imepita vita juu ya vita. Mahali ambapo watu wenye silaha walipiga kambi, ambapo walichimba mahandaki, ambapo kombora lilianguka kwenye tope laini bila kulipuka, kitu kinabaki. Grenadi, roketi, mabomu ya motari, risasi kubwa. Vingine vina rangi, vingine vimeshika kutu na vinafanana na kipande cha bomba au kopo. Vinaonekana wakati wa kulima, baada ya mvua kubwa kuosha ardhi, kando ya mto, ndani ya nyumba ambayo familia imerudi baada ya kukimbia miezi mingi. Anayevikuta kwanza mara nyingi ni mtoto, kwa sababu mtoto ndiye anayechunga, anayetafuta kuni, anayeingia pembeni mwa njia. Na mtoto huyo mkono wake umezoea nini?

Siwezi kusema gemu ndiyo inayoleta ajali hizi. Watoto waliokota vitu kabla ya PlayStation, na mtoto akikuta chuma anafikiria pia muuza vyuma vikuukuu. Lakini mzazi anayetaka kumfundisha mwanawe asiguse anaweza kuanzia hapohapo kwenye gemu, kwa lugha ambayo mtoto anaijua, badala ya kupiga kelele. Mwambie: huku kitu kisichojulikana hakiokotwi hata kikiwa kidogo, hata kikiwa cha zamani, hata kama rafiki amekishika mbele yako na hakikulipuka. Hakipigwi jiwe ili kuona. Hakitupwi motoni, hakitupwi mtoni wala chooni. Ukikiona, simama. Waambie wenzako wasimame. Rudi kwa njia uliyojia, ukikanyaga ulipokanyaga. Ukiwa mbali salama, weka alama ambayo wengine wataiona, matawi yaliyovuka njia au mawe, bila kukisogelea tena. Kisha mwambie mtu mzima, na mtu mzima amwambie chifu wa kijiji, mwalimu, au watu wa Msalaba Mwekundu, ili habari ifike kwa wataalamu wa kutegua. Nchi yetu iko na kituo cha taifa cha kazi hiyo, CCLAM. Wanaweza kuchelewa kufika, hasa sehemu za Walikale ambako barabara yenyewe ni shida. Kuchelewa kwao hakumpi fundi wa kijiji ruhusa ya kukifungua.

Walimu pia wanaweza kuitumia hii. Darasani, waulize watoto wataje vitu vyote wanavyoviokota kwenye gemu, wataje haraka, watafurahi. Kisha waulize vipi kati ya hivyo wameshaviona kwenye njia ya shule. Chumba kinanyamaza mara moja, na mara nyingi mkono mmoja unainuka.

Kwa upande wa nyumba za video zenyewe, mambo machache. Kwenye sanduku halisi la gemu kuna namba ya umri pembeni. Kwa San Andreas Ulaya waliandika 18, kwa sababu ya mauaji, matusi na mambo ya wakubwa. Kwa Minecraft waliandika 7. Diski za kopi hazina sanduku, kwa hiyo namba hiyo huku haifiki, na mtoto wa miaka tisa anaketi mbele ya gemu ya mtu wa 18 bila mtu kujua. Mwenye nyumba akiulizwa na wazazi watatu siku moja, atabadilisha diski. Anafanya biashara, hatafuti ugomvi. Saa pia zinaweza kukubaliwa: baada ya masomo, si wakati wa masomo, na mwisho kabla ya giza ili mtoto asirudi peke yake usiku.

Na mzazi mwenyewe akipata nafasi aingie, akae kwenye benchi nusu saa. Amuulize mwenye maneti: sasa unaenda wapi, kwa nini umepita juu na si chini, ukifika pale utamuuliza nani? Swali la mwisho litamchanganya kidogo, kwani kwenye gemu hakuna wa kuuliza. Usiku, kama kuna mzee Mnyanga jirani na bado anaikumbuka hadithi, mtoto atakuwa tayari kumsikiliza. Ameshajua kutembea kwenye ramani nyeusi. Ataelewa mara moja kwa nini shangazi Iyangura hakuiachia ile kamba.